Jibu la Mtu wa Nyuma

Wimbo unaonasa kichwani si lazima uwe mzuri. Jambo hili nimelichunguza kwa muda mrefu, tena bila kupenda, kwa sababu mimi si mtu wa nyimbo. Zile nzuri nazisahau upesi. Zinazobaki ni takataka: tangazo la sabuni la redioni, kibwagizo cha bendi iliyokuwa ikipiga kwenye baa ya jirani, wimbo wa mchakamchaka wenye maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Naamka nao, napiga nao mswaki, nachambua nao mchele, na wenyewe unaendelea kujizungusha humo ndani bila kuniomba ruhusa.

Nimewauliza watu dawa. Fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Mwanga aliniambia nitafune kitu kigumu. Shangazi yangu alisema nisome dua. Mtu mwingine akasema dawa ni kuuimba wimbo wote mpaka mwisho, kwamba kinachomsumbua mtu si wimbo bali kile kipande kilichokatika. Huyu nadhani anaukaribia ukweli, maana kwetu Kigoma tuna uzoefu na nyimbo zilizokatika. Tulikuwa tunanasa stesheni za ng'ambo ya ziwa, za Burundi na za Kongo, na sauti ilikuwa inakuja na kuondoka, hasa betri zikiwa zimechoka na kuanikwa juani mara nyingi kupita kiasi. Wimbo unaanza, unakolea, watu wanaacha kusonga ugali, halafu redio inakoroma na wimbo umekwenda. Nyumba nzima inashinda na nusu ya wimbo.

Lakini uliogoma kuniondoka kuliko zote haukutoka redioni. Ulikuwa mstari mmoja tu, mfupi, na ulikuja nyumbani kwetu Bangwe na mwanamke aliyevuka ziwa miaka ya tisini, vita vilipowaka upande wa pili.

Miaka ile watu walikuwa wanafika kila wakati. Ungeamka asubuhi ukakuta ufuko umejaa, na magodoro, na mbuzi, na bibi wamekalishwa juu ya mafurushi wakitazama maji waliyotoka. Wengi walichukuliwa na magari wakapelekwa kambini. Wachache walibaki mjini, wale waliokuwa na ndugu, na huku Ujiji na Bangwe kumpata ndugu wa ng'ambo si kazi kubwa, kwa sababu nusu ya watu babu zao walitoka huko huko. Babu wa mama yangu alikuwa mmoja wao. Basi siku moja akaja mwanamke mlangoni, mwembamba, na kitenge kimoja mwilini, akitaja ukoo. Mama akamkalisha, akamuuliza huyu na yule, nani alimzaa nani, mpaka wakampata bibi mmoja wa zamani wanayemchangia, au pengine wakachoka kumtafuta. Akawa mdogo wake. Mimi nikaambiwa nimwite mama mdogo. Balozi wa mtaa alipokuja kuuliza, akaambiwa ni ndugu, akala ugali wetu, akaridhika.

Mama alikuwa Mwislamu, mama mdogo alikuwa Mkristo. Ijumaa mmoja alichelewa kazini, Jumapili mwingine. Hakuna aliyeliona kuwa jambo la kuzungumzia.

Kazi yetu ilikuwa dagaa. Wavuvi wanatoka jioni na taa zao, wanarudi alfajiri, na wanawake wanawasubiri ufukoni na mabeseni. Ukishanunua unaosha, unatandaza mchangani, halafu siku nzima unageuza, jua likipita huku unageuza, likipita kule unageuza, na jicho moja liko juu mlimani kwenye mawingu. Mvua ikikukuta, dagaa wanaoza mbele ya macho yako. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawatoki, na sisi tunakaa nyumbani tukigombana. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, na nilikuwa nageuza dagaa huku nikisubiri maisha yaanze. Sikuwa mtu wa kukaa naye vizuri wakati ule. Hata mama alikuwa ananikwepa.

Mama mdogo alifanya kazi vizuri, pengine kuliko sisi, na hakuwa msemaji. Ila alikuwa na ule mstari. Aliuimba kwa sauti ya chini akiwa ameinama, mkono ukipita juu ya dagaa. Anaimba mstari, ananyamaza. Anaimba tena ule ule, ananyamaza. Maneno yalikuwa ya lugha ya kwao, na sitayaandika hapa, kwa sababu ulimi wangu umekwisha kuyaharibu. Sauti yenyewe haikuwa na huzuni yoyote. Ilikuwa sauti ya mtu anayejibu salamu.

Kimya cha katikati ndicho kilichotutesa. Kilikuwa na urefu ule ule kila mara, na ndani yake ulihisi kabisa kwamba kuna kitu kinapaswa kuwapo na hakipo. Wimbo wa kawaida ukiusikia sana unakuzoea na wewe unauzoea. Huu ulikuwa unakuweka ukisubiri, na kabla hujapata ulichokuwa unakisubiri, mstari unarudi tena. Nikilala, uko. Nikichota maji, uko. Nilimwona mama yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, akiupiga kwa kucha juu ya sufuria. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu zao waliuvumisha puani. Watoto waliogea nao. Baada ya miezi michache sidhani kama kulikuwa na mtu kwenye ufuko ule aliyekuwa na kichwa kitupu.

Niliudhika, na nilimwambia. Nilimuuliza kwa nini asituimbie na mwanzo wake ili tuufahamu wote na kupumzika. Alinitazama kama mtu aliyeombwa nguo yake ya mwilini, akasema mwanzo hana, akarudi kwenye dagaa wake.

Kulikuwa na jirani yetu, mwanamke wa Kiha aliyezaliwa Kalinzi huko juu kwenye kahawa na kuolewa Bangwe. Alikuwa na mwili, na kicheko, na sauti iliyozoea kuita mtu aliye mlima wa pili. Asubuhi alikuwa anatusalimu "mwakeye" kutoka kwake na sisi tunaitikia bila kuinua vichwa, maana hakukuwa na haja ya kumwona. Huyu naye wimbo ulikuwa umemkaa kichwani, lakini yeye hakuwa mtu wa kuteseka kimya kimya. Siku moja jua likiwa limekolea, sote tumeinama, mama mdogo akaimba mstari wake, akanyamaza, na jirani akauingia ule upenyo kwa sauti yake yote. Alitunga maneno papo hapo, ya Kiha na Kiswahili vikichanganyika, kuhusu dagaa wanaonuka na mume asiyenunua sukari. Na kwa kweli yalikaa vizuri mno. Wanawake walicheka, wengine wakaanza kupiga makofi, na mimi mwenyewe nilihisi kitu kifuani kinafunguka, kwamba hatimaye kile kimya kimepata chakula chake. Tukasubiri mama mdogo aitikie.

Hakuitikia. Alisimama, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akaondoka ufukoni akatuacha na dagaa wetu wamegeuzwa upande mmoja. Siku ile hakula. Siku zilizofuata alibaki chumbani uani, akisema kichwa kinamuuma, na mama alipompelekea uji aliukuta baadaye umeganda ukutani mwa kikombe.

Jirani alishangaa kuliko wote. Kwao mtu akiimba peke yake na kunyamaza, anaomba msaada, na kumwacha ni kumtenga. Alifikiri amefanya wema. Mama alikubaliana naye, ila alikwenda kukaa na mama mdogo kule chumbani, na mimi nikaenda nikasimama mlangoni, kwa sababu nilitaka kujua. Ndipo tulipoelezwa.

Kijiji chao kiko kwenye mteremko, alisema, mashamba ya muhogo yako juu na nyumba ziko chini karibu na maji. Wanawake wanashusha muhogo kwenye vikapu vya mgongoni, kamba ya kikapu imepita kwenye paji la uso. Ukiwa umebeba hivyo huwezi kugeuza shingo. Njia ni nyembamba, kuna mawe, na mtu akianguka nyuma yako hutamwona. Kwa hiyo wanatembea kwa mstari na wimbo. Aliye mbele anaita, aliye wa mwisho anajibu, na wa katikati wananyamaza. Aliye mbele anauliza kama wa nyuma yupo. Wa nyuma anajibu kwamba yupo, watembee. Jibu likisikika, wote waliomo katikati wako salama. Lisiposikika, wa mbele anasimama, na mstari wote unasimama.

Wa mbele alikuwa dada yake mkubwa, kwa lugha ya kwao alimwita yaya. Wa nyuma alikuwa yeye. Walianza wakiwa wasichana na hawakuwahi kubadilishana, kwa sababu kwao kila nafasi ina mwenyewe.

"Ile ya kuita ni ya yaya," alimwambia mama. "Mimi ni wa nyuma. Wa nyuma anaita tu kama wa mbele amekufa. Dada, mnataka nimuue?"

Mama alisema hapana, hakuna anayetaka hivyo.

Kisha akasema yaliyobaki, akitazama mikono yake. Asubuhi waliyokimbia walikuwa wameshuka vile vile, kwa mstari, yaya mbele na yeye mwisho, na mafurushi badala ya muhogo. Hakukuwa na kuimba, kwa sababu wenye bunduki walikuwa karibu na njia. Yeye alikuwa anafuata migongo. Kwenye kijito wakakutana na watu wa vijiji vingine, wengi, wanasukumana, na walipovuka akaendelea kufuata mgongo uliokuwa mbele yake mpaka kulipokucha vizuri akaona kwamba mgongo ule ni wa mtu asiyemjua.

"Sijui kama aliita," alisema. "Kama aliita, mimi sikujibu."

Nilirudi jikoni nikaendelea na kazi zangu. Nilikuwa nimehuzunika, sitaficha, lakini pia nilikuwa nimeridhika kama mtu aliyeelezwa ugonjwa wake. Nilikuwa nimeelewa kwa nini wimbo ule ulikuwa hautoki. Lilikuwa jibu. Akili ya mtu ikipewa jibu bila swali inakwenda kulitafuta swali, inazunguka vyumba vyote, na hairudi. Sisi tulikuwa tunazunguka hivyo kwa usumbufu tu. Yeye alikuwa anajibu kwa sababu aliogopa kwamba siku atakayonyamaza, huko mbele mtu atasimama.

Jirani alipoelezwa alilia kwa sauti yake ile ile kubwa, akapanda Kalinzi, akarudi na mkungu wa ndizi na kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Mama mdogo akarudi ufukoni. Tangu hapo jirani akajifanya mlinzi wa kile kimya. Mtu mgeni akija kununua dagaa, akausikia wimbo na kujaribu kuongeza neno, jirani alikuwa anamkatiza pale pale na kumwambia aende akaimbe kwake. Hata mimi niliacha kuudhika. Wimbo uliendelea kunikaa kichwani, lakini sasa nilipofika kwenye kile kimya nilikuwa nasimama kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwingine njiani.

Nikaona pia jambo ambalo nilikuwa naliona siku zote bila kulitilia maanani. Jioni tukiwapandisha dagaa nyumbani, mabeseni kichwani, kwa ile njia ya mteremko inayopita katikati ya mawe, mama yangu alikuwa anatangulia kwa sababu dagaa ni wake, na mama mdogo alikuwa wa mwisho. Daima. Ukijaribu kumpisha atangulie anajifanya anafunga kitenge mpaka upite.

Ikapita miaka kwa mtindo huo. Vita vya huko vilitulia, vikaanza tena, vikatulia. Kila mtumbwi uliotoka upande ule, mama mdogo alikwenda kuuliza. Watu waliomjibu walikuwa wa vijiji vingine, au walikuwa wanajua kwamba kijiji kilichomwa na hawajui zaidi. Kulikuwa na wakati watu waliojiandikisha kambini wakaanza kurudi kwao, na mama alimuuliza kama anataka kwenda nao. Alisema hawezi kwenda kabla ya kujua kama kuna mtu mbele.

Halafu akaja mchuuzi wa mawese. Alifika bandari ndogo ya Kibirizi na mtumbwi uliojaa madumu, mama akaenda kununua, akamsikia anataja kijiji, na papo hapo akamshika mkono na kumleta nyumbani. Ilikuwa mchana. Tulimkalisha kwenye benchi barazani, nikampa chai na muhogo wa kuchemsha. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kupenda kuzungumza. Mama mdogo alikaa chini kwenye mkeka mbele yake na kutaja jina la dada yake. Yule bwana akasema anamfahamu sana. Alimwona mwezi uliopita. Yuko mzima, amerudi kijijini, amejenga, anashusha muhogo kama zamani.

Mama akasema alhamdulilahi. Jirani aliyekuwa amekuja kusikiliza akajifunika uso na khanga. Mabega ya mama mdogo yalishuka, na ndipo nilipojua kwamba muda wote niliokaa naye nilikuwa nimeyaona yamepanda tu.

Ingekuwa vizuri yule bwana angenyamaza hapo. Lakini alikuwa na chai na alikuwa na wasikilizaji. Alimtazama vizuri mama mdogo, akauliza yeye ni nani kwa yule mama, na alipoambiwa akaweka kikombe chini.

"Wewe walikwisha kukulilia," alimwambia, kwa heshima, kama mtu anayefikisha salamu. "Matanga yako hata mimi nilikula."

Akaeleza. Dada mtu alikaa akisubiri upande wa milimani, akiulizia. Mtu akaja kusema mtumbwi uliokuwa na watu wao umezama nao wote. Wakakaa matanga, wakanyoa, wakamaliza. Sasa nyuma ya yule mama anatembea mke wa mtoto wa ndugu yao, msichana mwenye sauti nzuri. Anajibu vizuri sana yule, bwana akaongeza. Nilitamani chai ingekuwa ya moto zaidi.

Mama mdogo aliuliza swali moja tu, matanga yale yalikuwa lini. Yule bwana akafikiri, akasema ni mwaka ule ule wa kukimbia, mvua zilikuwa bado hazijaisha. Mama mdogo akatikisa kichwa taratibu, akasema asante, akasimama na kumwongezea chai.

Hesabu ile kila mtu pale barazani aliifanya kimoyomoyo. Wakati yeye anakuja mlangoni kwetu na kitenge kimoja, kule walikuwa wanaanua matanga yake. Miaka yote aliyokaa ufukoni akijibu, hakukuwa na mtu anayemwita. Na yaya, ambaye mama mdogo aliogopa kumuua kwa wimbo, alikwisha kumzika yeye na kumpa mwingine nafasi yake. Hakukuwa na mtu wa kulaumu. Dada mtu aliambiwa mtumbwi umezama, afanye nini? Lakini mimi nilimchukia, mwanamke nisiyemjua, kwa siku kadhaa nilimchukia kabisa.

Mama mdogo aliacha kuimba. Alifanya kazi kama kawaida, akala, akaenda kanisani. Ufuko wote ukaona. Sisi wengine tulikuwa tunajikuta tunauanza ule mstari kwa mazoea na kuumeza katikati, tukitazamana. Sikujua kwamba kelele iliyoniudhi vile hapo mwanzo ningekuja kuisikilizia.

Mchuuzi alikuwa anaondoka wiki ile, ziwa likiwa limetulia. Mama akanunua kitenge kipya, akapakia dagaa wakavu kwenye mfuko, akamwambia mdogo wake aende. Alimwambia yule ni dada yake wa tumbo moja, akimwona tu atatupa mzigo chini na kulia.

"Atalia, najua," mama mdogo alisema. "Yaya ananipenda. Lakini nitakaa wapi kwenye mstari? Pahali pangu pana mtu."

Mama akasema watu hupanga upya.

"Na yule msichana wamupeleke wapi? Amejibu vizuri."

Hakuwa na hasira alipoyasema hayo. Ningefurahi kama angekuwa nayo. Alimpelekea dada yake mfuko wa dagaa na salamu, kwamba yuko hai, kwamba amepata watu, kwamba amesikia kuhusu matanga na hana kinyongo. Mtumbwi ukaondoka. Alisimama ufukoni mpaka ukawa mdogo, halafu akaja kugeuza dagaa.

Mvua ilikuja siku chache baadaye, mchana, kutoka mlimani, ghafla kama inavyokuja kwetu. Mtu akapiga ukelele tukaanza kukusanya dagaa kwa mikono miwili, hata waliokuwa nusu wakavu, tukijaza mabeseni na kutwishana. Njia ya kwenda juu ilikuwa imeanza kulowa. Tukajipanga, mama mbele kama siku zote, mimi nyuma yake, jirani na wanawake wengine wakifuata. Mama mdogo alikuwa wa mwisho kutwishwa, na alipokwisha kutwishwa hakusimama mwisho. Alitupita. Alipita kando ya jirani, akapita kando yangu, akafika kwa mama na kusimama ubavuni pake, beseni kichwani.

Mama alimtazama. Kisha akasogea pembeni ya njia akampisha, na hakuingia tena pale pa pili mbele yangu. Alishuka kando ya mstari wote, akiwa na dagaa wake mwenyewe kichwani, mpaka akafika nyuma ya yule wa mwisho.

Mama mdogo akaita. Tulikuwa hatujawahi kuusikia mwito ule, na ulikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, wa sauti nzito kidogo, wa kawaida kabisa. Nilishtuka. Kwa kanuni aliyotueleza mwenyewe, wa nyuma akiita, wa mbele amekufa. Halafu nikafikiri kwamba kwenye mstari ule wa ng'ambo aliyekufa ni yeye, na maiti hana kanuni ya kuvunja. Huu wetu ulikuwa mstari mwingine.

Kimya kikaja, kwa urefu ule ule. Matone yalikuwa yanagonga mabeseni. Hakuna aliyesogea, kwa sababu wa mbele alikuwa hajasogea, na yeye asingeweza kugeuka kuona kama kuna mtu.

Nyuma kabisa mama yangu akajibu. Alilitoa neno kwa neno, kwa lugha asiyoijua, jibu ambalo hakuna mtu aliyewahi kumfundisha na ambalo miaka yote ile lilikuwa limekataa kumtoka kichwani. Yupo, watembee.

Mama mdogo akainua mguu, akaanza kupanda.